Sheria inaishia ku ukuta wa parsele

Fungueni Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48. Kinahakikisha haki ya nyumba inayofaa, haki ya kupata mayi ya kunywa na haki ya umeme. Wengi wetu tulikariri kifungu hicho juu ya mtihani. Sasa mukisome tena kwa macho ya mama mwenye kufua nguo. Mayi yanaingia ndani ya nyumba, vizuri. Na yakitoka? Kimya. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na kwamba Leta inachunga afya ya raia. Sawa. Lakini mazingira ni neno kubwa, linafunika pori, hewa, mito na nyama za pori pamoja. Mayi ya sabuni, ya vyombo na ya choo, yale yenye kupita mbele ya mlango wangu hapa Lubumbashi kila asubuhi, hayakupewa neno lake.

Naandika hivi juu ya namna yetu ya kuzungumza. Mvua za Novemba zikianza, sisi wenye diplome tunapiga picha za avenyi iliyojaa mayi nyeusi, na chini tunaandika neno moja tu: insivisimu. Watu ni wachafu, watu hawana akili, watu wanatupa kila kitu mu kanivo. Mimi naona ukosoaji huo ni uvivu. Chupa za plastiki zinaziba kanivo, sikatai. Lakini tuseme kesho kila mtu wa Katuba, wa Kenya na wa Kampemba anaamka mtakatifu. Mayi ya bafu yake atayapeleka wapi?

Tuangalie kwanza nani anafanya nini. REGIDESO, iliyoanzishwa mwaka 1939, inaleta mayi, na kazi yake inaishia ku robine (pale robine ipo). OVD inashughulikia barabara na mifereji ya mvua. Ya mvua, si ya choo. Agenti wa hijeni anaingia mu parsele kuangalia kama choo kipo na kimefunikwa, na mara nyingi anatoka na kitu mu mfuko. Watu wa mazingira wana sheria yao, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, yenye kanuni nzuri sana: mwenye kuchafua ndiye analipa. Wapange wote ku mstari mmoja. Huyu analeta, yule anachunga mvua, wa tatu anachungulia choo, wa nne anangoja kutoza. Mwenye kubeba hayuko. Na kama hakuna mahali halali pa kupeleka mayi machafu, ile kanuni ya mwenye kuchafua inamfanya kila mwenye kuoga kuwa mkosaji.

Njo maana nasema sheria inaishia ku ukuta wa parsele. Ndani ya ukuta, Leta inakuuliza: choo kiko wapi, fosi iko wapi, kisima kiko mbali namna gani? Nje ya ukuta, haina swali hata moja. Inafanya sawa vile kila parsele ni kisiwa.

Tupige hesabu, maana tulienda shule. Mu kartie nyingi parsele ni metre 15 kwa 20. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanafuata, kinaomba choo kikae metre 30 mbali na kisima. Toka pembe moja mpaka pembe ya kuelekeana nayo, Pitagora anatupatia metre 25. Basi ndani ya parsele hiyo hakuna sehemu mbili zenye kutengana metre 30. Uweke choo huku kabisa, kisima kule kabisa, umeshavunja kanuni mbele ya kushika chepeo. Mwenye parsele ya 20 kwa 25 anaonekana ana bahati: pembe kwa pembe ni metre 32. Anachimba kisima chake nyuma kabisa, mbali na fosi yake. Nyuma ya ukuta ule kuna jirani, naye ni mtu wa kufuata kanuni, ameweka fosi yake palepale ku ukuta juu alikuwa anaikimbiza kisima chake mwenyewe. Watu wawili wametii, kila mmoja kwake, na mtoto wa huyu anakunywa choo cha yule.

Hapo utamtoza nani? Lubumbashi na Likasi zilipata kolera mwanzoni mwa mwaka 2008, na wenye kukumbuka wanajua kwamba ugonjwa ule haukupita ku wachafu peke yao. Mayi ya chini ya udongo hayajui namba za parsele. Bila mfereji wa pamoja, ao angalau mayi ya robine yenye kufika kila nyumba ili watu waache visima, hakuna choo chenye kumuokoa mtu peke yake.

Sasa wenzangu wa Droit wataniambia: yaya, sheria ipo. Ni kweli, ipo. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ile ya entité zenye kujitawala, inaweka kolekteri za mayi ya mvua na za mayi machafu kati ya mambo ya Baraza la Mji. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi: mwisho wa mwisho, mtu na kazi yake. Shida ni kwamba baraza lenyewe halikuwepo. Konseye wa komine walipigiwa kura mara ya kwanza Desemba 2023, miaka 15 baada ya sheria, tena si mu komine zote. Na Baraza la Mji linachaguliwa na hao konseye wa komine, kwa hiyo lilipaswa kuwangoja. Miaka yote ile mtoto alipewa mlezi asiyezaliwa bado. Meya na bugumestre walikuwa wanawekwa kwa oridonansi, na mwenye kuwekwa kwa oridonansi anaangalia Kinshasa, juu ni kule ndiko atakapoondolewa. Fosi yako iliyojaa haina namna ya kumfikia.

Wengine watasema shida ni pesa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaipa provinsi asilimia 40 ya mapato ya Leta, zikatwe palepale zinapoingia, na magavana wamelalamika miaka mingi kwamba hazifiki hivyo. Nakubali. Lakini kuna mambo yenye kuomba pesa kidogo sana na bado hayafanyiki, na hapo ndipo hasira yangu iko.

Mfano ni vidanji. Mwaka uliopita fosi ya pale tunapopanga ilijaa, tukachanga, tukaita kamio. Wakavuta, wakafunga bomba, wakadai pesa zao. Nikamuuliza shofele anaenda kumwaga wapi. Akacheka: "Yaya, unataka kwenda na sisi?" Nikaomba risiti; ikaandikwa bei na tarehe, basi. Hakuna hata mstari mmoja wa kusema mzigo unakwenda wapi. Tulilipa ili uchafu wetu uondoke mbele ya macho yetu, na kuna watu mahali fulani, labda wako ku mto, labda wako nyuma ya shamba la mboga, waliupokea bila kuulizwa. Tena sisi ni wa bahati. Asiyeweza kulipa kamio anangoja mvua kubwa ya usiku, anafungua fosi, mvua inabeba. Mukimuita huyo mchafu, mutafute neno lingine la kwangu, maana mimi nililipa mtu anifanyie kitu kilekile mchana.

Na salongo? Tangu wakati wa Mobutu tunajua dawa hiyo. Jumamosi mafundi wanafunga duka, watu wanatoa matope mu kanivo, wanayapanga pembeni kwa unyenyekevu mkubwa, na mvua ya Jumanne inayarudisha ndani. Salongo bila gari la kubeba matope ni mazoezi ya mwili.

Kuna kitu cha zamani ndani ya haya yote. Elisabethville ya Wabelgiji ilijengwa na eneo tupu kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi, na sababu waliyoitoa ilikuwa hijeni. Kwa mtu wa cité, hijeni ilifika kama mlinzi wa mpaka na kama mkaguzi wa choo. Jicho lilifika mbele ya bomba. Wakoloni wameenda, yule mkaguzi amebaki, bomba bado tunalingoja. Nasi, pamoja na madigri yetu, tukiandika "insivisimu" tunavaa koti ya yule mkaguzi.

Neno moja pembeni: mu Katanga tunajua kupaza sauti juu ya mayi ya kompani za migodi, na tuendelee, asidi si mchezo. Ila kompani ina jina na geti ya kwenda kusimama mbele yake. Mayi ya choo hayana geti, njo maana hayana maandamano.

Simwombi konseye wa komine anijengee kolekteri kesho. Namuomba apige kura juu ya sehemu moja, yenye ramani, ambapo makamio ya vidanji yatamwaga, na karatasi ambayo shofele atarudisha kwa mteja ikiwa na muhuri wa sehemu hiyo. Bila muhuri, hakuna kulipwa. Namuomba pia kwamba lotisma mpya isikubaliwe kama mchoro hauonyeshi visima na fosi za kartie nzima, si za parsele mojamoja. Nimeandika barua ku komine yangu na kuuliza kamio zinamwaga wapi leo, na ni nani alitia sahihi. Mwenye kuwa na komine yenye konseye, aandike yake. Nikipata jibu nitaliweka hapa, hata kama ni mistari miwili.