Bwana Msa Penye Mzimu

Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, ndiye aliyeisimamisha kwa miguu yake riwaya ya Kiswahili ya upelelezi, yaani hadithi ndefu inayoanzia kwenye uhalifu kisha ikarudi nyuma kumsaka mhalifu. Kabla ya kuwa mhariri, kwanza wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948 na baadaye wa Mkulima, alifanya kazi ya bwana afya, ambayo humtaka mtu kutazama kwa makini yale wengine wanayoyapita bila kuyaona. Na huenda jicho hilo ndilo alilomrithisha Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko.

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya yake iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, yastahili kusomwa upya Meru na Embu. Maiti inakutwa penye mzimu, mahali pa kutambikia wahenga, na wenyeji wanasadiki kwamba wahenga wenyewe wameua. Msomaji wa Runyenjes, anayekijua kichaka kitakatifu cha Mwenendega, baba wa Waembu, hahitaji kuelezwa kwa nini watu waogope mahali kama hapo. Abdulla haidhihaki hofu hiyo, na hapo ndipo ustadi wake unapong'aa: anaonyesha jinsi muuaji anavyojificha nyuma ya hofu yenyewe, kwa kuwa panapoogopwa hapana anayethubutu kwenda kuchunguza nyayo. Dalili, yaani alama ndogo zinazoelekeza kwenye ukweli, zimewekwa wazi. Najum, mwandani wa Bwana Msa, anaziona kama msomaji anavyoziona, ila haziunganishi. Utunzi wa namna hii ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, maana mwandishi hulazimika kuusema ukweli na kuuficha katika sentensi ile ile.

Kithaka wa Mberia, mtunzi kutoka Tharaka, alishika njia nyingine katika tamthilia yake ya Kifo Kisimani (2001), ambamo swali zito si nani aliyeua bali nani aliyemtuma. Bwana Msa, pamoja na akili zake zote, angekwama pale, kwa sababu upelelezi wake unategemea kuwapo polisi na mahakama zilizo tayari kuupokea ukweli, ilhali katika tamthilia hiyo wenye kushika ufunguo wa gereza ndio wanaonufaika na kifo.