Ujumbe Mmoja wa Perl

Ujumbe wa kosa nao ni maandishi, na unastahili kuhakikiwa. Chukua ule ambao Perl hutoa inapokosa moduli. Kwanza hutaja faili iliyotafutwa, kisha huorodhesha folda zote zilizopekuliwa, na mwisho hutaja skripti na namba ya mstari. Ni mwandishi mwaminifu: haishii kusema "sikuona", bali hueleza alitafuta wapi.

Kasoro yake ni ushauri. Toleo la 5.18, lililotoka mwaka 2013, liliongeza kwamba huenda ukahitaji kuweka moduli hiyo. Maneno hayo yamewekwa kabla ya orodha ya folda, na msomaji mwenye haraka huishia hapo. Kwenye Windows ushauri huo huweza kupoteza siku nzima. Mtu ana Strawberry Perl. Ameweka pia Git, ambayo huja na Perl yake yenyewe. Anaweka moduli katika ya kwanza, skripti inaendeshwa na ya pili. Anaweka tena, anaambiwa imo. Anaendesha tena, anaambiwa haimo. Mwisho hujiona mjinga.

Lakini jibu lilikuwamo ndani ya orodha. Folda zinazoanza na C:/Strawberry ni za Perl moja. Zinazoanza na /usr ni za ile ya Git. Hata amri ya where perl, katika dirisha la cmd, itathibitisha tu yaliyokwisha kuandikwa.

Hoja ilikamilika, hukumu ndiyo iliyotangulia ushahidi.