Taa ya Buluu: Hadithi ya Polisi Isiyo na Bingwa

Msomaji aliyelelewa na riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), humtarajia Bwana Msa na kiko chake: mtu mmoja ambaye akili yake hufumbua fumbo lililowashinda wengine. Filamu ya Kiingereza The Blue Lamp (1950), iliyoongozwa na Basil Dearden, yamnyima bingwa huyo.

Jina lake latokana na taa ya buluu ya vituo vya polisi vya Uingereza. Konstebo George Dixon (Jack Warner) anamzoeza kijana Mitchell doria ya mitaa ya Paddington, London. Mwandishi wake, T.E.B. Clarke, alipata kuwa askari polisi wa akiba wakati wa vita, na ujuzi huo waonekana katika mambo madogo ya kituoni. Kisha Dixon anapigwa risasi na Tom Riley (Dirk Bogarde), naye anafariki. Mkewe apewapo habari ana maua mkononi, anayatia majini. Hapana hotuba, nasi twahuzunika zaidi.

Muuaji hanaswi kwa werevu wa mtu mmoja. Mtoto anaokota bastola, polisi wanaunganisha vijambo, na katika uwanja wa mbio za mbwa wa White City hata watu wa kamari wanasaidia kwa ishara zao za mikono.

Hapo ndipo tunapoishuku filamu. Twaamini kwamba Dixon anapendwa, kwa kuwa tumemwona akijulikana mlango kwa mlango. Lakini umati wa uwanjani haukumjua. Upendo wake kwa polisi tunaambiwa tu, hatuonyeshwi. Riley naye analaumiwa kwa niaba ya vijana wote wa baada ya vita, bila kuchunguzwa. Mtazamaji wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, hatakosa kuuliza: je, imani huletwa na sare au na mtu aliyeivaa?

Yafaa mwalimu awape wanafunzi kisa kimoja wakiandike mara mbili: kwanza kwa namna ya Bwana Msa, kisha kama taarifa ya konstebo. Wataona kwamba umbo la hadithi ndilo huamua nani apewe sifa.

Dixon mwenyewe hakukaa kaburini: BBC ilimfufua katika mfululizo wa televisheni, 1955 hadi 1976. Aliyefufuliwa si mpelelezi hodari, bali jirani.