Aliye Juu Mngoje Chini

Kwetu Kaloleni methali hii ilisemwa kwa meno. Mtu akipata cheo akaanza kutupita njiani bila salamu, wazee walimsindikiza kwa macho na kunong'ona: aliye juu mngoje chini. Atashuka tu, na siku hiyo tutakuwapo kumtazama usoni. Nilikua nikiamini kwamba kungoja chini ni kazi ya wenye kinyongo. Ilibidi nitimize miaka arobaini, niote kitambi, kisha nijiandikishe kozi ya wanaoanza kukwea miamba, ndipo nikaisikia methali ile upya.

Kozi ilifanyika Lukenya, kilima cha mawe kilicho mwendo wa kama kilomita 40 kutoka Nairobi, pembeni mwa Barabara ya Mombasa, pale nyanda za Athi zinapoanza kuinuka kuelekea Ukambani. Ukiwa juu unaona malori yakitambaa kama siafu. Chini, wibari wanaota jua wasijali ya mtu. Kwa miongo mingi wanaotamani vilele vya Mlima Kenya wamekuja hapa kwanza kujifunza mahali pa kuweka mguu.

Nilikwenda nikitarajia kufundishwa ujasiri. Saa mbili za mwanzo hatukuugusa mwamba. Tuliketi chini ya mgunga, kila mmoja na kipande chake cha kamba, tukijifunza kufunga fundo moja tu.

Huliita fundo la nane, kwa umbo lake. Kamba hujipinda, huzunguka mgongo wake yenyewe, kisha hujiingiza katika kitanzi chake. Ncha hupitishwa kwenye mkanda uliokaza kiuno na mapaja, halafu hurudi nyuma ikifuata njia ile ile iliyokuja nayo, kona kwa kona, kama mtoto anayefuata nyayo za mamaye mchangani. Likikamilika, nyuzi hulala mbilimbili. Mwalimu alizihesabu kwa kidole: jozi tano. Zikipungua, fungua uanze tena. Zikipandana, fungua uanze tena.

Nilifungua nikaanza tena mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kadiri vidole vilivyozoea ndivyo nilivyoona uzuri wa kitu kile. Yako mafundo mengine yanayoshika barabara. Sifa ya hili ni kwamba linasomeka. Mtu aliyesimama hatua moja mbele yako hulitupia jicho akajua kama u mzima au u marehemu. Fundi aliyelichagua kwa ajili ya wanagenzi alijua kwamba mtu hajiamini vya kutosha kujikagua, wala hapaswi.

Ndiyo maana, kabla mguu haujaacha ardhi, watu wawili husimama uso kwa uso na kukaguana: fundo, mkanda, pete ya karabina, kofia. Mwenzangu alikuwa dada mmoja mwembamba, mwalimu wa hesabu, asiyetumia maneno mawili panapotosha moja. Zamu ya kwanza tulikaguana kwa makini. Ya pili pia. Ya tatu nilikuwa katikati ya hadithi tamu, mdomo ukifanya kazi ya vidole. Dada akalishika fundo langu, akalitazama.

"Kaka, hapa naona jozi mbili. Tatu ziko wapi?"

Ncha ilikuwa imepita mkandani, nami sikuirudisha mpaka mwisho. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni tulisimuliwa habari za Lynn Hill wa Marekani. Mwaka 1993 alikuwa mtu wa kwanza kuikwea njia ya Nose, katika genge la El Capitan huko California, kwa mikono na miguu yake tu, kamba ikiwa ya kumdaka tu. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1989, alikuwa Buoux, Ufaransa, kwenye njia ambayo kwake ilikuwa ya kupasha misuli. Alianza kufunga fundo, akili ikahamia kwingine, hakulimaliza. Alifika juu salama. Alipojiachia ili ashushwe, kamba ilichomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakamwokoa. Mwamba haukumshinda. Ilikosekana jozi ya macho tu, sekunde tano.

Kuhusu kamba zetu za nailoni nilijifunza adabu. Zina kiini ndani na ala nje, nazo hunyumbuka mzigo unapoanguka, ili mshtuko usiuvunje mgongo wa aliyefungwa. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Huku jiwe ndilo hukata kamba: chembe ya mchanga ikipenya ala, husaga nyuzi kimyakimya kila kamba inapovutwa. Kwa hiyo anayekanyaga kamba hukemewa kama aliyekanyaga mkeka wa kuswalia na viatu vyake.

Kisha ikaja kazi ambayo insha hii imeandikwa kwa ajili yake: kumshikia kamba mwenzako.

Kwa mtazamaji, si kazi. Mmoja anakwea, watu wanampigia makofi. Mwingine amesimama chini kama aliyesubirishwa matatu. Kamba inatoka kwa mkweaji, inapita kwenye pete zilizotiwa juu ya mwamba, inarudi hadi kwenye kifaa kidogo cha chuma kiunoni mwa mshikaji. Mkono mmoja huongoza. Wa pili ni breki. Mkweaji akipanda, kamba hulegea, na mshikaji huila: vuta, funga, sogeza mkono. Vuta, funga, sogeza. Mkono wa breki hauiachi kamba hata nyuki akitua puani.

Dada yule hakufika nusu na robo ya uzito wangu, nami nilipomwangalia nilimwomba Mungu msamaha wa dhambi za karibu na za mbali. Mita sita juu, miguu yangu ikaanza kucheza bila ngoma. Nikapaza sauti: "Kaza!" Kamba ikakaza. Vidole vikaniponyoka, nikaanguka kiasi cha urefu wa mkono, nikaning'inia kama gunia la nazi kwenye mizani. Chini, dada aliinuliwa akasimamia vidole vya miguu, akatua. Nguvu zake hazikunishika mimi. Msuguano ndio ulionishika: kamba kukunjwa penye chuma, pembe ikiwa sawa, mkono ukiwa mahali pake. Ufundi huu hauulizi una misuli gani. Unauliza kama upo.

Zamu yangu ya kushika ilipofika, niliinua uso nikaona nyayo za viatu vyake zikitafuta vijinafasi mwambani, na mara nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa mkwezi. Minazi yake ilichongwa vidato, mikato ya kukanyagia. Ndilo neno ambalo shule zetu ziliazima, hata mtoto akawa anaingia kidato cha kwanza bila kujua kwamba anapanda mnazi. Babu alikwea kwa viganja na nyayo, panga kiunoni, bila kamba ya kumdaka. Sisi wajukuu tulisimama chini, na kweli tulitazama juu. Lakini tulikuwa tukitazama madafu: lipi linakatwa, litaangukia wapi, nani atawahi kuliokota. Babu hakuanguka hata siku moja. Hilo halikuwa kwa sababu yetu.

Mwalimu wetu alipenda kumtaja Ian Howell, wa Mountain Club of Kenya. Mwaka 1970 alitaka pawe na hifadhi kwenye kilele cha Nelion cha Mlima Kenya, mita 5,188, kwa ajili ya wanaokutwa na usiku huko. Vifaa vilidondoshwa kwa parachuti juu ya barafu ya Lewis, naye akavibeba kidogo kidogo, akikwea peke yake mara 13, mpaka kijumba cha alumini kikasimama. Ni kijisanduku cha watu wachache tu. Anayechelewa kurudi kutoka kilele cha Batian, ng'ambo ya pengo liitwalo Lango la Ukungu, hukuta pa kujibanza mpaka kuche. Mwanzoni nilidhani kisa hiki kinaipinga kozi yetu, maana yule bwana hakuwa na wa kumshikia kamba. Sasa nakiona ndugu wa kazi yetu. Sisi twamngoja mwenzetu chini. Yeye aliwatangulia juu akawangoja watu ambao hakuwajua, na kibanda chake kimeendelea kuwangoja hata yeye alipokwisha kushuka.

Siku hiyo dada alifika juu, akagonga pete kwa kiganja, akasema neno moja: "Shusha." Nikamshusha polepole, kamba ikipita mkononi kama maji mazito, mpaka viatu vyake vikagusa vumbi. Alinigeukia akatikisa kichwa mara moja. Kwa mwalimu wa hesabu, nadhani hizo ni alama zote.

Nilirudi nyumbani jioni nikishindwa kugeuza shingo. Mke wangu akauliza nimekwea umbali gani. Nikamwambia mita kumi na mbili.

"Mita kumi na mbili ndizo zimekukausha shingo hivyo?"

Nikamweleza kwamba shingo haikuumia nilipokuwa juu.