Joto la Shimoni

Ndizi za pombe hukatwa zingali mbichi. Ukiziacha zijiivie zenyewe kibanjani, leo utapata mbili, kesho sita, na nyingine zitaoza zikizisubiri zilizobaki. Rubisi, pombe hiyo ya ndizi, haitengenezwi hivyo. Mikungu yote inatakiwa iive kwa pamoja, na Bukoba, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yenye mvua zisizoisha na wastani wa joto wa nyuzi kama 20, haikupi joto hilo bure. Ndiyo maana huko, na Muleba pia, watu huchimba shimo wakalipasha moto.

Kuwasha moto si ufundi; kuni na majani makavu ya migomba yapo tele. Ufundi ni kujua wakati wa kuuacha. Kinachoivisha ndizi ni udongo ulioshiba joto, na udongo ukishashiba hauna haraka ya kupoa. Ukizidisha, ndizi zitapikika: wanga wake hautageuka sukari, na pasipo sukari hapana pombe. Ukipunja, utafunua baada ya siku tano ukute ngumu vilevile. Uamuzi ni mmoja, nao unafanywa kabla hata kichana kimoja hakijaingia.

Mjuzi huzoa makaa, akainama, akagusisha mgongo wa mkono kwenye ukuta wa shimo, kwanza juu, kisha chini kabisa ambako joto hukawia. Pakichoma, hungoja. Pakiwa vuguvugu tu, hutandika majani mabichi ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, ili ganda la ndizi lisikutane na udongo. Vichana hupangwa, majani tena, halafu udongo. Sijaona kipimajoto kikishushwa humo, wala sioni kingemwongezea nini.

Sayansi ilikuja baadaye na maelezo yake, nayo ni mazuri. Mwaka 1901 Mrusi Dimitri Neljubow aligundua kuwa gesi ya ethilini, iliyokuwamo kwenye gesi ya taa, ndiyo iliyopotosha miche ya njegere. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba tunda linaloiva huitoa gesi hiyo lenyewe. Moshi wa kuni nao unayo. Kumbe shimo lililofukiwa vizuri linafanya kazi mbili: linatunza joto, na linaizuia ile gesi isitoroke, hivyo ndizi iliyotangulia inazivuta zilizochelewa.

Joto la namna hiyo halipo shimoni tu: Ulaya na Marekani zipo nyumba zinazopata joto kutoka sakafuni. Mabomba ya maji ya moto yamelazwa ndani ya zege, na ukutani kuna thamostati inayopangiwa saa. Mgeni wa nyumba hiyo huona baridi jioni, akapandisha nyuzi, asione kitu, akapandisha tena; usiku wa manane anatupa blanketi. Zege lina ukaidi uleule wa udongo. Thamostati iliyopangwa na mtu anayejua huanza kazi watu wakiwa usingizini na kuacha kabla hawajalalamika. Ni kifaa cha kusifiwa, ila kilichowekwa ndani yake ni subira ya yule mzee anayegusa ukuta wa shimo.

Wala ujuzi huo wa joto si ajabu kwa nchi ya Bukoba na Muleba. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu matanuri ya chuma ya kale ya Kagera, mkoa huohuo: mirija ya udongo iliingizwa ndani ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wapo wataalamu waliobisha dai hilo, na mimi napenda ubishi wa namna hiyo.

Shida ya leo ni ndizi zenyewe. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoonekana Muleba mwaka 2006, migomba mingi imeng'olewa na mashimo mengine yamekosa cha kufukia. Penye mavuno, anayefunua hadanganywi na vichana vya juu. Hupenyeza mkono hadi katikati, akabonyeza. Kidole kikizama, nyasi zinaletwa, na wakanyagaji wanaitwa wakamue juisi. Kisipozama, anarudisha majani na udongo, na wote wanarudi kesho.