Mzinga, Saa na Pazia: H. G. Wells Alivyovitengeneza Vita vya Sakafuni

Mwaka 1913, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chembamba kiitwacho Little Wars. Wakati huo dunia ilikwisha kumjua kwa riwaya za mashine ya kusafiri katika muda na za wavamizi kutoka Mirihi. Kitabu hiki kilikuwa kitu kingine kabisa: kanuni za mchezo wa vita unaochezwa sakafuni kwa askari wa bandia, pamoja na masimulizi ya jinsi yeye na rafiki zake walivyozipata kwa kujaribu na kurekebisha. Wapenzi wa michezo ya vita ya mezani hukitaja kwa heshima kama babu wa mchezo wao, kisha hukirudisha rafuni. Naona ni hasara kubwa. Kanuni zenyewe ni kurasa chache tu, lakini karibu kila moja iliwekwa kuziba tundu lililoonekana mchezo ukiendelea, na ukizifuata moja baada ya nyingine unaiona kazi ya fundi.

Tatizo lilikuwa hili. Anayecheza bao hahitaji refa, kwa sababu kete ziko mashimoni na kila mtu anaziona. Mchezo wa vita hauna mashimo. Askari husimama popote anapowekwa. Amesogea kiasi gani? Risasi imempata au imempita? Kila swali ni mlango wa ubishi, na wanaobishana ni marafiki wanaotaka kula pamoja jioni.

Waprusi walikuwa na jibu lao la zamani. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz alitoa kanuni za Kriegsspiel: ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu sawa na dakika mbili za vita halisi, dadu za kuamua hasara, na katikati yao mwamuzi anayewaonyesha makamanda yale tu ambayo wangeyaona wakiwa vitani. Kwa kufundishia maofisa ulikuwa mfumo bora. Kwa marafiki wawili sebuleni ni mzigo, maana unadai mtu wa tatu anayejua kuliko wao wote wawili na aliye tayari kukaa na majedwali mchana kutwa bila kucheza. Wells anausema wazi kwenye nyongeza ya kitabu chake: aliuona ni mchezo uliopoa, ambao mwamuzi ameukalia kila mahali.

Yeye alianza na kifaa. Madukani kulikuwa na mzinga wa bandia wenye springi, unaojazwa kwa nyuma, unaorusha kipande cha mti chenye urefu wa kama sentimita 2.5. Ulikuwa na skrubu ya kuinua na kushusha mdomo, na mwenye shabaha aliweza kumwangusha askari aliye umbali wa mita 8 hivi. Nyumbani kwa Wells, Sandgate katika jimbo la Kent, mgeni mmoja anayetajwa kitabuni kwa herufi J. K. J., ambaye kwa kawaida husemwa kuwa mwandishi Jerome K. Jerome, alianza kuwalenga askari hao baada ya chakula cha mchana, na ushindani ukawaka. Askari nao walikuwa wamebadilika. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ilianza kuwatengeneza wakiwa wazi ndani: madini ya risasi yaliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu, ganda la nje likishashika, yaliyobaki humwagwa. Askari wa aina hiyo ni nafuu na mwepesi, na mwepesi huanguka akiguswa.

Kwa hatua hiyo moja swali gumu kuliko yote likapata jibu. Aliyeanguka amekufa, aliyesimama yu hai. Hakuna dadu, hakuna jedwali, hakuna wa kuulizwa.

Ila mzinga mzuri mno huua vita vyenyewe. Mwanzoni uwanja ulijengwa kwa juzuu za ensaiklopidia na vitu vingine vya nyumbani, na kwa kuwa aliyejitokeza alipigwa, kila mmoja aliwaficha askari wake nyuma ya vitabu. Hapo kundi la wachezaji lisilo na subira lingeupunguza mzinga nguvu, au lingeufungia. Wells na wenzake hawakugusa shabaha yake hata kidogo. Waliufunga kwa watu. Mzinga haupigi wala hauendi kokote bila askari wanne wa upande wake, walio ndani ya inchi 6 kutoka ulipo. Katika zamu moja unapiga au unasogezwa, si vyote viwili, na haupigi zaidi ya mara nne. Tazama matokeo yake. Mchezaji hana haja tena ya kuubomoa mzinga wa mwenzake. Akiwaangusha wanaouhudumia, unanyamaza. Mwenye mzinga naye hana budi kuweka askari wa akiba karibu, na wale waliokuwa wa kujificha tu wakapata kazi. Askari wa miguu husogea futi 1 kwa zamu, wapanda farasi futi 2, basi hao wa farasi ndio wa kutumwa haraka kwenye mzinga uliobaki peke yake.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya saa. Zamu ina muda maalumu: dakika moja kwa kila askari 30, na dakika moja kwa kila mzinga. Kwa jeshi la watu 110 na mizinga 3, kitabu kinasema dakika 7 zinatosha kwa mchezaji mmoja. Piga hesabu. Dakika 7 ni sekunde 420. Mizinga mitatu ikipiga mara nne kila mmoja ni mipigo 12, na kulenga vizuri, kugeuza skrubu na kujaza upya hakuwezi kuchukua chini ya sekunde 10. Zimekwenda 120. Zinabaki 300 kwa watu 110, yaani chini ya sekunde 3 kwa kila mtu, na katika hizo unatakiwa kupima umbali, kuinama na kumsimamisha askari bila kumwangusha jirani yake. Haiwezekani kufanya yote. Ukitaka kulenga kwa makini, ubavu wako wa kushoto utabaki ulivyo. Ukiwahi kuokoa ubavu, mizinga itapiga ovyo. Saa, bila maneno mengi, imekuingizia kile ambacho Reisswitz alihitaji mwamuzi na karatasi ili kukileta: kamanda asiyeweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Pia inawazuia wale rafiki zetu wapendwa ambao bila saa wangetazama sakafu hadi magharibi.

Mambo ya matayarisho yalimalizwa kwa ufupi uliotulia. Mchezaji mmoja hupanga nchi, yaani nyumba, vilima, vijiti vya miti kutoka bustanini na mito iliyochorwa kwa chaki. Mwenzake huchagua upande wa kupigania. Anayepanga hana faida yoyote kwa kuupendelea upande mmoja, kwa kuwa huenda akaukosa. Kisha pazia huvutwa katikati, kila mmoja anapanga jeshi lake kwa siri, na pazia likiondolewa, makosa ya upangaji yanaonekana papo hapo.

Palibaki sehemu moja ambayo mzinga hauwezi kuiamua: askari wanapogusana. Hapa Wells alitumia hesabu, na ndipo wengi wanapomdharau kwa haraka. Msingi wake ni mtu kwa mtu. Askari 20 wakivamiwa na 30, wanakufa 20 kila upande, na mshambuliaji anabaki na 10. Ni biashara ya hasara, kwa hiyo hakuna anayekimbilia kuvamia hivi hivi. Ila kama wale 20 wametengwa, maana yake hawana wenzao wa kutosha walio umbali wa zamu moja, watu wanakufa mmoja kwa mmoja hadi waliotengwa wawe takriban nusu ya wavamizi waliobaki, na hao wanatekwa. Kwa hesabu hiyo mshambuliaji anapoteza kama 10, anaua 10, anateka 10 na kubaki na 20. Vita ni ile ile, watu ni wale wale, lakini faida imekuwa maradufu kwa sababu ya mahali wenzao waliposimama. Hakuna sentensi inayomwamuru mchezaji kuweka akiba nyuma ya mstari. Atajifunza mwenyewe mara ya kwanza kikosi chake kitakapochukuliwa kizima kizima mbele ya macho yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mizinga ya springi iliondoka polepole. Wachezaji walianza kupaka rangi sanamu zao kwa saa nyingi, na hakuna anayetaka kurushia kijiti kitu alichokipamba kwa brashi ya nywele chache. Donald Featherstone alipotoa kitabu chake War Games mwaka 1962, dadu ndizo zilizokuwa zikiamua nani kafa. Badiliko hilo lina gharama ambayo haitajwi sana. Rusha dadu 12 ukihesabu 5 na 6 kuwa ni shabaha, na wastani wako ni 4. Mara nyingi utapata kati ya 2 na 6. Mzinga wa Wells haukuwa na wastani wa namna hiyo. Mkono ukitetemeka unapata sifuri, lakini kijiti kimoja kikiingia katikati ya askari waliosongamana kinawaangusha watatu. Kwa hiyo kuwasonganisha askari kulijiadhibu kwenyewe. Kwenye dadu, kikosi kilichobanana na kilichotawanyika hupigwa sawa mpaka mtu aandike kanuni ya msongamano, nyingine ya umbali, nyingine ya kizuizi, na baada ya muda kitabu kina kurasa mia mbili na wachezaji wanabishana juu ya maana ya koma.

Kikundi kinachotaka kuanza leo, na sanamu za plastiki na meza ya kulia chakula, hakilazimiki kutafuta mzinga. Kitumie dadu, ila kisiache saa, na muda ugawanywe kwa watu wanaosogeza: wawili upande mmoja wapewe nusu ya dakika za Wells, maana mikono ni minne. Mpangaji wa meza asichague upande. Kwenye mapigano ya mkono kwa mkono kianze na kanuni ya kutengwa kabla ya kuongeza nguvu maalumu za kikosi chochote. Na pale dadu zinapoua, kila askari wa tatu aliyemgusa mwenzake kitako kwa kitako aongeze dadu moja kwa anayepiga. Hapo kile ambacho kijiti cha mti kilikifanya bure kitakuwa kimerudi mezani kwa mstari mmoja wa maandishi.