Istilahi "Saratani ya Damu": Je, Inatosheleza?

Katika makala haya mafupi tunakusudia kuihakiki istilahi "saratani ya damu". Imezoeleka kwa maana ya lukemia, lakini mara nyingi hubebeshwa limfoma pia. Ni rai yetu kwamba mzigo huo wa pili haiumudu.

Tuchukue limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala. Huwapata hasa watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, Kanda ya Ziwa ikiwamo. Mzazi wa Bariadi huona taya la mwanawe limevimba na meno yamelegea. Akiambiwa ni "saratani ya damu", ana haki ya kuuliza: damu na taya vina uhusiano gani? Asiporidhika na jibu, atakwenda kumng'oa mtoto jino, na safari ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, itachelewa. Hali tiba ikiwahi, watoto wengi hupona.

Jibu limo katika seli yenyewe. Seli B ni mojawapo ya seli nyeupe zinazoulinda mwili. Utando wake una vipokezi. Kipokezi kikinasa kijidudu cha maradhi, ishara hupitishwa kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini, na seli huanza kugawanyika. Ishara ikikoma, mgawanyiko nao hukoma. Katika limfoma ya Burkitt, jeni iitwayo MYC huhama kutoka kromosomu ya 8 na, mara nyingi, hutua katika kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili. Hapo huamrishwa kufanya kazi bila kikomo. Kilichoharibika, basi, ni amri ndani ya seli ya kinga.

"Saratani ya mitoki" nayo haifai, kwani mitoki ni ya kinena na kwapa, na ugonjwa huu waweza kuanzia tayani au tumboni.

Kwa hiyo tunapendekeza "limfoma" iwe istilahi ya kitaalamu, na fasili yake kwa umma iwe "uvimbe wa saratani ya seli za kinga". Tunatambua kwamba lukemia kadhaa huanzia katika seli hizo hizo. Neno "uvimbe" ndilo litakalozitenga, kwani lukemia hujaza uboho na damu. Neno "kinga" si geni: UKIMWI ulikwisha kulifikisha kila kijiji. Wataalamu wa tiba tunawaomba watoe maoni yao kabla istilahi haijasanifishwa.